Jinsi ya kuchagua kitabu cha michezo cha kwenda nacho bichi

Kila ikikaribia Idd au Desemba naulizwa swali lilelile na watu wangu wa karibu, shemeji, majirani, vijana wa kazini, kwamba wanaenda Kigamboni siku tatu au wanavuka Zanzibar wiki nzima na safari hii wanataka kupumzika na kitabu badala ya simu, sasa wabebe kipi. Wengi sio wasomaji sana ila ni watu wa mpira, wa ngumi, wa mbio, ndo maana wanataka cha michezo. Mimi hivi vitabu nimevisoma tangu niko sekondari, nimevisoma kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, na sana sana nimevisoma mchangani, na nilichojifunza ni kwamba kitabu kizuri cha nyumbani sio lazima kiwe kizuri cha bichi. Bichi kuna mambo yake. Kwahiyo nimeandika hatua ninazofuata mwenyewe, wewe chukua zinazokufaa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya muda wako wa kweli

Wengi wanakosea hapa kabla hata hawajagusa kitabu. Siku tatu za bichi sio siku tatu za kusoma. Kuna kuogelea, kuna watoto wanataka wachimbiwe shimo, kuna usingizi, kuna jamaa mliyesoma wote anatokea na familia yake mnaanza stori, na kuna kumsubiri samaki uliyemuagiza ambaye ukiambiwa dakika ishirini ujue ni saa nzima (hiyo saa ndo ya kusoma sasa, itumie). Ukitoa vyote unabaki na asubuhi kidogo kabla wengine hawajaamka, mchana baada ya kula, na jioni kipande, maana huku kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro mwaka mzima, na ikishaingia giza taa za hoteli nyingi za ufukweni ni za kupendezesha tu, hazisomeki.

Mimi nakadiria masaa matatu kwa siku mambo yakienda vizuri. Kwa kitabu cha Kiingereza nasoma kama kurasa 25 kwa saa, kwahiyo siku tatu ni kurasa 225 hivi. Jipime na wewe ukiwa nyumbani, weka saa, soma nusu saa, hesabu kurasa, zidisha. Nilishawahi kwenda Kimbiji na kitabu cha historia ya mifumo ya uchezaji, kinene, kina michoro ya nani anakaba wapi, kitabu kizuri kabisa na baadae nilikimaliza nyumbani kwa raha, ila kule nilirudi niko ukurasa wa 31 maana kila nikikatishwa nilikuwa narudi nyuma kutafuta yule beki alikuwa amesimama wapi. Cha siku mbili tatu kisizidi kurasa 250. Wiki nzima hapo sawa, 400 zinaenda.

Hatua ya 2: Tafuta mtu, usitafute kombe

Hii ndo kubwa. Ukienda kwenye vitabu vya michezo utakuta vimegawanyika, kuna vya mashindano, yaani kombe fulani limeendaje kuanzia makundi mpaka fainali, kuna vya takwimu na mbinu, kuna vya klabu, na kuna vya mtu mmoja. Kwa bichi chukua cha mtu. Sababu ni kwamba utakatishwa mara hamsini, na ukirudi kwenye kitabu cha mashindano ushasahau nani kafuzu nani katoka, ila ukirudi kwenye stori ya mtu unakumbuka, huyu baba yake alikuwa anamlazimisha, huyu kaumia goti, huyu mke kaondoka, unaendelea ulipoishia hata kama umetoka kuoga baharini saa nzima.

Mfano ninaoutoa kila siku ni kile cha Andre Agassi, kinaitwa Open, kilitoka 2009. Mimi tenisi siijui vizuri, sijawahi kushika raketi, lakini yule mtu anakwambia mapema kabisa kwamba tenisi anaichukia, anaichukia toka moyoni, na huyo ni mtu aliyechukua mataji 8 makubwa. Unajiuliza imekuwaje. Halafu anakupeleka utotoni Las Vegas, baba yake aliyekuwa bondia wa Iran na akacheza Olimpiki, kaweka mashine ya kurusha mipira uwanjani nyumbani, na mtoto anatakiwa apige mipira 2,500 kwa siku, baba kashapiga hesabu kwamba kwa mwaka inakaribia milioni. Na kuna fainali ya Ufaransa ya 1990 ambayo ameingia uwanjani amevaa nywele za bandia zimefungwa kwa pini, anaomba Mungu zisidondoke, na mechi akapoteza kwa Andrés Gómez wa Ecuador. Hapo unahitaji kujua sheria za tenisi? Huhitaji, unamuonea huruma tu kijana wa watu.

Na usikimbilie washindi peke yake. Sisi Watanzania tungekuwa wa kwanza kulijua hili kwasababu tuna John Stephen Akhwari. Marathoni ya Mexico City 1968 alishinda Mamo Wolde wa Ethiopia kwa masaa mawili na dakika ishirini, na Akhwari wetu akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baadae, giza limeshaingia, goti limefungwa bandeji, anachechemea, wa mwisho kati ya waliomaliza. Wakimbiaji wengi waliokuwa mbele yake siku ile majina yao hayatajwi tena, ila yeye dunia nzima inamtaja. Kwahiyo ukiwa unachagua na nyuma ya jalada kuna orodha ya makombe tu, mabao mangapi, mataji mangapi, kiweke chini kwanza. Ukiona panazungumzia jinsi alivyoshindwa, alivyofukuzwa, alivyorudi, hicho kifungue.

Hatua ya 3: Jaribu kwa mechi ambayo matokeo yake unayajua

Hii njia niliigundua mwenyewe na haijawahi kuniangusha. Shida ya kitabu cha michezo ni kwamba matokeo yanajulikana, sio kama riwaya. Sasa ukiwa dukani fungua moja kwa moja kwenye ukurasa wa mechi au pambano ambalo unajua liliishaje, soma kurasa mbili umesimama palepale. Kama moyo unaanza kwenda mbio, unajikuta unataka refa apulize haraka au yule kipa asitoke golini, na huku unajua kabisa iliishaje, mwandishi huyo anajua kazi, nunua. Kama unasoma kama ripoti ya habari za saa mbili, dakika ya 12 fulani akafunga, dakika ya 40 fulani akasawazisha, rudisha kwenye meza. Mbele hakibadiliki.

Wana Arsenal mnaijua ile ya tarehe 26 Mei 1989 pale Anfield, mnatakiwa kushinda kwa tofauti ya mabao mawili mchukue ubingwa, Alan Smith kafunga la kwanza, dakika za majeruhi zimeingia ndo Michael Thomas anapita katikati anamalizia. Nick Hornby kaiandika kwenye Fever Pitch, kitabu cha 1992. Mimi hata sio shabiki wa Arsenal lakini nikifika pale nashindwa kukaa, maana hasimulii mpira peke yake, anasimulia miaka kumi na nane ya mtu aliyesubiri ubingwa.

Ngumi ndo zinafaulu hili jaribio kuliko mchezo wowote, kwa maoni yangu. Pambano la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, kila mtu anajua Muhammad Ali alimuangusha George Foreman raundi ya 8, wazee wetu wamelisimulia mpaka sisi ambao hatukuwepo tunaona kama tulikuwepo. Lilipigwa alfajiri, saa kumi kwa saa za kule, ili Wamarekani waangalie ikiwa bado usiku kwao. Norman Mailer alikuwepo akaandika The Fight, ikatoka 1975, na ukianza kusoma zile raundi Ali ameegemea kamba anapokea ngumi za mtu ambaye alikuwa hajawahi kupoteza pambano, unajikuta unasema huyu leo anauawa, unasahau kwamba unajua mwisho. Onyo moja, Mailer Kiingereza chake kizito na anajizungumzia sana, sio cha kumpa mtu anayeanza. Ila kama Kiingereza hakikusumbui hicho ni cha mchana wa bichi kabisa.

Na kwa kuwa tuko kwa Ali niseme hili maana vijana wengi hawalijui na linanigusa. Februari 1980 Ali alikuja hapahapa Dar, katumwa na Rais Carter wa Marekani kushawishi nchi za Afrika zisiende Olimpiki ya Moscow kwasababu Urusi imeingia Afghanistan, na Mwalimu Nyerere akakataa kumpokea. Tukaenda Moscow. Filbert Bayi akarudi na medali ya fedha kwenye mbio za kuruka viunzi na maji mita 3,000, na Suleiman Nyambui akarudi na fedha ya mita 5,000, na mpaka leo medali zetu za Olimpiki ni hizo mbili tu. Ukisoma kitabu chochote cha Ali kaa ukilijua hilo, utamsoma kwa jicho lingine, utaona mtu mkubwa anapoingizwa kwenye siasa ambayo sio yake inakuwaje. Na ukimalizana na Ali nenda kamtafute Bayi, mtu aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch 1974 kwa kuongoza toka mwanzo mpaka mwisho, 3:32.2, wakati watu wote walikuwa wanaamini mbio zile unakaa nyuma unasubiri mzunguko wa mwisho.

Hatua ya 4: Timu yako iache nyumbani

Najua hapa tutabishana. Ila ukibeba kitabu cha klabu yako ya moyoni hutopumzika, utakuwa unagombana na mwandishi, hapa kapunja, hapa kadanganya, pale hajamtaja fulani. Na kingine, Dar ni Dar, ukikaa kwenye mkeka na jalada lenye picha ya timu, yule muuza madafu akipita atasimama, mpiga picha atasimama, wote wana la kusema. Ni raha, mimi napenda, ila hutosoma. Mtu wa Simba akiletewa tu mada ya 5-1 ya Novemba 2023 likizo yake imeharibika, na mtu wa Yanga ukimkumbusha 5-0 ya Mei 2012 vilevile. Chukua mchezo ambao sio wako. Mtu wa mpira achukue ngumi, mtu wa ngumi achukue mbio, mtu wa mbio achukue tenisi. Huna upande, huna hasira, unajifunza vitu vipya, na matokeo mengine utakuwa huyajui kweli, kwahiyo unapata na ule utamu wa kusubiri.

Hatua ya 5: Lugha, tuongee ukweli

Vitabu vya michezo vya Kiswahili madukani ni vichache, na hili linaniuma sana kwasababu stori tunazo. Ukikuta cha Kiswahili chukua hata kama hukupanga, tukinunua ndo watu wataandika. Vilivyobaki ni Kiingereza, na hapa usijipe ujasiri ambao huna, likizo sio mtihani. Vitabu vya wanamichezo wenyewe, vile ambavyo mchezaji anasimulia maisha yake na kuna mwandishi amemsaidia, mara nyingi Kiingereza chake ni cha kuongea, sentensi fupi, unateleza tu. Vitabu vya waandishi wakubwa wa magazeti na wa riwaya waliojiingiza kwenye michezo ndo vina maneno magumu. Kipimo changu: soma ukurasa mmoja dukani, kama kuna maneno zaidi ya matano ambayo huyajui na yanakuzuia kuelewa, acha. Moja mawili poa, unaruka mbele.

Hatua ya 6: Angalia urefu wa sura

Fungua katikati, hesabu sura moja ina kurasa ngapi. Zikiwa kumi au pungufu, safi, unamaliza moja mtu akija kukuita ukaogelee. Zikiwa arobaini utakuwa unaacha katikati kila siku na inachosha.

Kwenye hili sijaona anayemfikia Eduardo Galeano, yule mwandishi wa Uruguay, kitabu chake cha mpira cha 1995, kwa Kiingereza kinaitwa Soccer in Sun and Shadow, vipande vingi ni ukurasa mmoja, vingine nusu. Unafungua popote. Kuna kipande kuhusu Kombe la Dunia 1950 pale Maracanã, Uruguay wamewafunga Brazil 2-1 kwao, uwanja mzima umekufa ganzi, na usiku nahodha wa Uruguay, Obdulio Varela, badala ya kusherehekea na wenzake akaingia mtaani Rio akakaa kwenye baa na Wabrazil waliokuwa wanalia, wanakunywa wamekumbatiana. Ukimaliza kipande hicho unafunga kitabu unaangalia bahari dakika kumi. Ni kitabu cha mpira ndio, ila hakina timu yako, kwahiyo hakivunji hatua ya nne. Mtu ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote maishani, nampa hiki.

Na kama unaenda na mtu anayependa kukimbia asubuhi mchangani kuna Running with the Kenyans cha Adharanand Finn, 2012, Muingereza aliyehamia Iten na mke na watoto wadogo akakaa miezi kadhaa anafanya mazoezi na Wakenya kutafuta siri yao ni nini. Ni jirani zetu, mazingira unayaelewa, ugali unaujua, matatu unazijua, na Kiingereza chake chepesi. Hicho kinafaa hata kusomwa na watu wawili kwa kupokezana.

Hatua ya 7: Pa kukipata na namna ya kukikagua

Anzia mjini. Duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora ni la kuingia hata kama hununui siku hiyo, na kwa vya mtumba wapo wanaopanga chini pembeni ya barabara maeneo ya Posta, na ukienda Kariakoo na Mwenge ukiuliza unaelekezwa. Kwa mtumba nenda asubuhi, sema unachotaka, "kaka, una vya michezo? Wasifu wa wachezaji?", wengi wanavyo kwenye maboksi ya nyuma, havipangwi mbele kwasababu wanunuzi wengi wanataka vya biashara na vya dini. Mwachie namba, akipata atakupigia, hawa watu wana kumbukumbu nzuri.

Kagua hivi. Pindua uangalie kurasa za mwisho zipo. Nilishauziwa kitabu cha ngumi kimekatika raundi mbili kabla ya mwisho, nimefika nacho Gezaulole ndo nagundua, na muuzaji hakuwa mtu mbaya, hata yeye hakujua. Kisha kifungue katikati uvute kidogo usikie gundi kama imeshakauka, maana ikiwa imekauka kikipata joto la mchangani kurasa zitaanza kutoka moja moja na upepo utaondoka nazo. Nusa. Kikinuka ukungu, kwenye begi moja na nguo kitakuharibia zote. Bei ongea kistaarabu, cha jalada laini cha mtumba mimi siendi juu ya elfu kumi, ila kikiwa ni kile nilichokitafuta mwaka mzima nalipa anachosema.

Kama huna uhakika na kitabu nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi, angalia kama kipo, kaa usome sura ya kwanza bila haraka. Cha maktaba usikipeleke bichi lakini, tafadhali, kile ni cha wote.

Kuhusu zile pidiefu zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, mimi sizitumii. Mwandishi hapati kitu, na nusu yake zimekatika au kurasa zimepinda. Tukitaka siku moja mtu akae na wazee wetu wa riadha aandike maisha yao vizuri, tujizoeze kulipia vitabu.

Hatua ya 8: Karatasi, simu au masikio

Karatasi, jalada laini. Jalada gumu ni zito, na ukilala chali umelishika juu ya uso linakuchosha mikono ndani ya dakika tano. Simu juani huoni kitu, unaongeza mwanga inapata moto inajizima, na kubwa zaidi meseji zinaingia. Vile vifaa vya Kindle vyenye skrini kama karatasi juani vinasomeka vizuri, kama unacho beba, ila mchanga ukiingia kwenye tundu la chaji umekwisha. Vitabu vya kusikiliza ni vizuri kwa anayetembea ufukweni, kwa anayelala hapana, unaamka mtu kashastaafu na hujui alishinda lini.

Sasa ukifika, bahari yetu ijue. Bichi za huku, Kunduchi, Mbezi, Kigamboni upande wa baharini, zinatazama mashariki, kwahiyo asubuhi jua linatokea majini linakupiga usoni, kaa umeipa bahari mgongo ndo usome. Kuanzia saa tisa alasiri jua lishahamia nyuma kwenye minazi, geuka, kivuli kinaangukia mbele yako na bahari unaiona. Miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, upepo unageuza kurasa wenyewe, beba vibanio viwili vya nguo vya kawaida, kimoja kila upande. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapanda mbali kuliko siku nyingine, bahari yetu inaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwahiyo usiache mkeka na kitabu pale ulipokaa asubuhi eti maji yako mbali ukaenda kuogelea, nishapoteza kimoja hivyo na nilikuwa nimebakiza sura mbili. Uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi, watakwambia.

Kama unavuka kwa boti kwenda Bongoyo au Mbudya kitabu kiwe ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la kuwekea chakula, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na ya kitambaa inapitisha maji. Kopo hilohilo ukifika linakuwa la vibanio, kalamu na miwani. Na mikono ukishajipaka mafuta au losheni ifute kwenye khanga kwanza.

Hatua ya 9: Anza kabla hujaondoka

Kitabu kisianzwe bichi. Kurasa 20 za kwanza ndo ngumu, majina mengi, hujamzoea anayesimulia, na bahari iko mbele yako inakuita, utakiweka chini hutokishika tena. Zisome usiku wa kabla ya safari, kitandani, simu iko sebuleni. Kama umefika ukurasa wa 20 na hujali huyu mtu atapatwa na nini, usikibebe, kiache mezani, chukua kingine, ndo maana mimi hununua viwili kila safari na kimoja kinabaki nyumbani Tabata.

Ukishakibeba kiweke juu kabisa ya begi, sio chini ya mataulo, na ukifika pale Magogoni kukiwa na foleni ya pantoni kitoe palepale. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, lakini kusubiri kunaweza kukupa sura nzima, na hapo ndo utajua umechagua vizuri au la, watu wanasimama, wanabeba mizigo, geti limefunguliwa, na wewe mwenzio anakuvuta shati, twende, pantoni inajaa, unamwambia subiri nimalize hii aya.